Neno Lililoandikwa kwa Maji Kanazi

Siku yangu ya kwanza kwenye kambi ya Wachina pale Kanazi nilipewa milango ya kuandika. Mkuu wa Stoo, Mhaya mwenzangu mzaliwa wa Muleba, alinipeleka mbele ya makontena yaliyogeuzwa ofisi, akanipa kipande cha karatasi chenye majina ya wakubwa kwa maandishi ya kwao, akasema, "Fundi, nakili hivyohivyo. Ukikosea sisi hatutajua." Halafu akaenda kunywa chai.

Kazi ile niliifanya kwa moyo wote. Nilipiga msasa, nikapaka praima, nikasubiri ikauke, nikapiga uzi. Kupiga uzi ni kuvuta uzi uliopakwa chaki toka upande huu hadi upande ule, kuunyanyua kidogo na kuuachia, ukaacha mstari ulionyooka. Bila uzi maandishi hutembea kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya rubisi. Rangi nikachagua nyekundu, kwa kuwa ndiyo nzuri niliyokuwa nayo, na mkubwa huandikwa kwa rangi ya kikubwa.

Wachina walipotoka kula wakakuta majina yao yanang'aa mlangoni. Mmoja akasogea nyuma kama aliyeona nyoka. Mkalimani wa kambi, binti msomi kutoka Dar es Salaam aliyeitwa Neema, akanivuta pembeni.

"Mzee Kaijage, kwao jina la mtu aliye hai haliandikwi kwa rangi nyekundu. Ni kama umewawekea wote misalaba."

"Basi nifute?"

"Futa, tena kabla Mkuu wa Saiti hajatoka."

Mkuu wa Saiti alikuwa amekwisha kutoka, yuko nyuma yetu. Alikuwa Mchina mfupi mwenye mvi, aliyevaa kofia ya chuma hata mezani. Akalitazama jina lake kwa muda, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili chake cha saiti, "Rangi mbaya. Mkono mzuri." Ndivyo nilivyoajiriwa.

Nayaandika haya kwa wasiwasi. Elimu yangu ni darasa la saba. Kichina sikijui kukisema zaidi ya salamu na majina ya vifaa. Ninachojua ni kukiandika, tena sehemu ndogo tu. Vijana wa ukoo wameniomba nieleze kazi yetu ilivyokuwa, nami naeleza. Atakayekuta nimepotoka awaamini waliosoma kuliko mimi.

Kazi ya kuandika vibao nilijifunzia Miembeni, kwenye kibanda cha fundi mkuu mmoja aliyekuwa na mkono mwepesi na mdomo mzito. Kwa siku nzima aliweza kusema neno moja tu, nalo ni "rudia". Nilirudia. Niliandika vibao vya maduka ya dawa, vya mahoteli, vya makanisa yote, yetu ya Kilutheri na ya Wakatoliki. Niliandika "Usikojoe Hapa" mara nyingi kuliko jina la Bwana. Fundi alinifundisha kushika brashi bapa kwa ncha za vidole, kidole kidogo kikiegemea fimbo ya kutulizia mkono, na kuvuta pigo kwa pumzi moja. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Siwalaumu waliozileta, mabango yao ni ya haraka, na picha za mashine zinapendeza. Lakini kibanda chetu kilifungwa, nami nikaenda kutafuta riziki barabarani, ambako lami ilikuwa inajengwa na kila mtambo, kila kizuizi na kila shimo lilitakiwa kuwa na kibao kwa Kiswahili, Kiingereza na Kichina.

Mkuu wa Saiti ndiye aliyenifundisha. Ni haki niseme yote mawili juu yake. Alimfukuza dereva aliyesinzia juu ya greda, hakutaka kusikia kwamba yule kijana alikuwa ametoka msibani. Na ni yeye huyohuyo aliyemkimbiza mke wa mlinzi hospitali kwa gari lake, akakaa kwenye benchi nje mpaka mtoto akazaliwa.

"Lao Kai," aliniita. Lao ni kama sisi tunavyosema mzee, na Kai ndicho kipande cha jina langu kilichomfaa mdomoni. "Lao Kai, kwanza lala, halafu simama."

Maana yake, mstari wa kulala huandikwa kabla ya mstari wa kusimama. Kila herufi yao, nami naiita herufi kwa kukosa neno, imejengwa kwa mapigo, na pigo ni kuanzia brashi inapogusa mpaka inapoinuliwa. Mapigo yana foleni yake. Juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia. Herufi iliyo kama chumba, unaanza kuta, unaingia ndani kuweka vyombo, mwisho ndipo unafunga mlango. Nilimuuliza kwa nini wajisumbue, maana rangi ikikauka nani atajua lipi lilitangulia? Neema akanitafsiria jibu lake: "Ukivunja foleni mkono hujikwaa. Na anayejua akiutazama mkono wako unavyokwenda, hata bila wino, anasoma."

Sikuamini mpaka nilipoona kwa macho yangu. Mkuu wa Saiti alikuwa mtu wa kusini mwa nchi yao na Fundi wa Mitambo alikuwa wa kaskazini, na kila mmoja akisema lugha ya kijijini kwake mwenzake haambulii kitu, kama Mhaya na Msukuma. Siku moja kelele za mtambo zilipozidi, Mkuu wa Saiti alimshika mwenzake kiganja, akaandika juu yake kwa kidole kikavu. Yule akaitikia kwa kichwa, akaenda kuleta pampu.

Nilipokuwa narudi nyumbani Nshambya, watu walinisubiri na maswali, na mpaka leo huniuliza yaleyale. La kwanza daima: Wachina wana herufi ngapi? Najibu kwamba hawana a be che de kama sisi. Kila alama ni neno au kipande cha neno, na zipo maelfu. Hapo mtu hucheka na kusema, basi watoto wao wanamaliza shule wakiwa na mvi. Hapana. Alama kubwa zimejengwa kwa ndogo, kama nyumba na matofali. Mti una alama yake, na miti miwili ikisimama pamoja ni kichaka. Mtu akiegemea mti, anapumzika. Matone matatu upande wa kushoto, jua kwamba habari hiyo ina harufu ya maji: mto, ziwa, kunawa. Ila nisiseme uongo, zipo nyingi ambazo picha haikusaidii, na Neema alinionya nisiwape watu matumaini kwamba kila herufi ni mchoro.

Swali la pili ni simu. Maelfu hayo yanakaaje kwenye simu ndogo? Niliwaona: wanaandika sauti ya neno kwa herufi hizi zetu, simu inawaletea alama zenye sauti hiyo, nao wanagusa wanayoitaka. Wengine huuliza kama ni kweli huandika toka juu kwenda chini. Zamani ndivyo ilivyokuwa, wakianzia kulia, na hata leo vibao vya milangoni huning'inia hivyo. Lakini vitabu na magazeti ya siku hizi huenda kama yetu. Na wanaouliza kama sauti yao kweli inapanda na kushuka, na neno likabadilika, nawaambia ni kweli, na kwamba Mhaya asijifanye kushangaa, maana hata Kihaya hakisemwi kwa sauti iliyolala.

Sasa nieleze jambo la Kanazi, ambalo ndilo lililonifanya nijulikane kuliko vibao vyangu vyote.

Kambi ilipakana na kibanja, yaani shamba la migomba, cha ukoo wa Ta Rwegasira, na Ta kwetu ni kama kusema mzee. Ukingoni mwa kibanja kulikuwa na sakafu ya saruji ya kuanikia kahawa, na nje ya msimu ilikaa tupu. Mkuu wa Saiti aliomba ruhusa ya kuitumia jioni, akapewa. Alichukua sponji la godoro, akalichonga ncha, akalifunga kwenye mpini wa ufagio, akapata brashi kubwa. Akaichovya kwenye ndoo ya maji na kuandika juu ya saruji, akirudi nyuma pole pole kama mtu anayepanda maharage. Jua lilipokuwa bado na nguvu, herufi ya kwanza ilikuwa imekauka kabla hajafika ya kumi. Nilimuuliza kwa nini anapoteza jasho kwa kitu kisichobaki. Akasema wazee wa kwao hufanya hivyo kwenye bustani za mji, kunyoosha mgongo na mkono. Nikaanza kuandika naye. Watu wa Kanazi walitupita wakitusalimu, wengine wakinitania kwamba nafagia bila takataka.

Msimu wa kahawa ukafika, sakafu ikajaa. Mkuu wa Saiti akakosa mahali. Asubuhi moja, peke yake, akaingia migombani na ndoo yake akitafuta saruji laini. Akaiona. Bamba zuri, pana, limepigwa niru ya saruji likawa laini, halina ufa. Halikuwa na msalaba wala jina, kwa kuwa familia ilikuwa inangojea misa ya kumbukumbu ndipo imalizie. Lilikuwa kaburi la kaka yake Ta Rwegasira, mume wa Ma Kokubanza. Sisi tunazika kibanjani, karibu na nyumba, na kila Mhaya angejua bila kuambiwa. Yeye kwao makaburi yako mlimani. Aliona sakafu.

Ma Kokubanza alikuwa ametoka na jembe lake. Alisimama nyuma ya mgomba, akamwona Mchina anaandika juu ya mumewe kwa maji, alama ileile akiirudia, toka kichwani hadi miguuni, halafu maandishi yanapotea. Hakupiga kelele. Alirudi ndani akafunga mlango, na kufika jioni kijiji kizima kilikuwa na habari. Mwaka ule mnyauko ulikuwa umeingia kwenye migomba ya Kanazi, na watu walikuwa tayari wanatafuta sababu.

Kesho yake hakuna kibarua hata mmoja aliyekuja kazini. Katapila zilikaa kimya. Ta Rwegasira, mkuu wa ukoo, alituma neno: Mkuu wa Saiti aje kibanjani, na mkalimani, na yule mwandishi wa Nshambya anayechezea maji naye.

Nilipomweleza Mkuu wa Saiti bamba lile ni nini, na Neema akarudia kwa Kichina nisije nikawa nimekosea, alivua kofia yake ya chuma. Sikuwahi kumwona bila kofia. Alikaa juu ya ndoo. Neema akaniambia, "Anasema kwao kaburi hufagiliwa kila mwaka na watoto. Anasema yeye la mama yake ana miaka hajalifagia, na sasa amekanyaga la mtu mwingine." Alitaka kwenda palepale kupiga magoti. Neema akamzuia, akasema ngoja uitwe vizuri.

Tulikutana kwenye sakafu ya kahawa. Kahawa ilisukumwa pembeni kwa reki, wazee wakaketi kwenye viti, vijana wakasimama. Ma Kokubanza alikaa chini juu ya mkeka, amejifunga kanga mbili. Ta Rwegasira akamgeukia kwanza yeye.

"Shemeji, sema unachotaka."

"Sitaki afukuzwe, sitaki faini," akasema kwa Kihaya, taratibu. "Nataka kujua mume wangu ameambiwa nini. Mimi nitalala naye pale. Siwezi kulala juu ya maneno nisiyoyajua."

Kisha kijana mmoja wa vibarua akaniuliza, "Ta Kaijage, maandishi yaliyokauka yamekwenda wapi?"

"Juu," nikasema, "kama mvuke wa chungu."

"Au chini."

Watu wakaguna. Mwingine akasema mimi nimenunuliwa kwa makopo ya rangi, na kwamba Mlutheri wa mjini atajuaje habari za makaburi ya Wakatoliki. Hilo lilinichoma, maana makaburi ni makaburi. Mkuu wa Saiti akaeleza kupitia kwa Neema kwamba aliandika neno la mazoezi tu. Ta Rwegasira akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Nimesikia," akasema. "Lakini yeye ndiye mshtakiwa. Wewe binti unalipwa naye. Wewe Kaijage unalipwa naye. Mkinipa jibu moja, nitajuaje kwamba hamkulipanga njiani?"

Alikuwa na haki. Nilijiona narudi Nshambya na brashi zangu, na kila nitakapopita Kanazi watu wanageuza nyuso. Lakini zaidi nilimwangalia yule mama kwenye mkeka, nikajua kwamba hata tukisema kweli tupu haitamfikia.

Hapo ndipo nilipouona mkono wake. Alikuwa anamweleza mwanamke aliyeketi naye jinsi Mchina alivyofanya, na alipokuwa anaeleza, mkono wake wa kulia ulikwenda hewani: akadonoa juu, akaingia kidogo, akashuka chini moja kwa moja, akarusha ncha kushoto, akapumzika, akaingia upande wa kushoto na kushuka, akahamia kulia, pigo fupi, na jingine refu linaloburuta mkia. Halafu akarudia. Kwa hofu aliyokuwa nayo nyuma ya mgomba, alikuwa amekunywa kila kitu kwa macho.

Nilihisi ni neno gani. Sikuwa na hakika. Nikamwambia Ta Rwegasira kwa Kihaya, asichokijua Neema, "Waitu, mkuu wangu, shahidi mnaye. Ma Kokubanza ameona, na mkono wake haukuacha kitu. Mwondoeni mkalimani, akae jikoni na wanawake. Mwondoeni Mkuu wa Saiti, asimame barabarani na wazee wawili. Mpeni mama brashi aandike alichokiona. Mimi nitafunga mdomo. Kisha mwiteni mkalimani asome, msimwambie ni nani ameandika wala kwa nini."

"Mimi sijui kusoma, mwana wange," akasema Ma Kokubanza. "Hata jina langu naweka dole gumba."

"Usisome, mama. Fanya alivyofanya."

Ta Rwegasira akawaza, akakubali. Neema akaingia jikoni, mlango ukafungwa. Mkuu wa Saiti akapelekwa barabarani. Ma Kokubanza akainuka, akashika ule mpini wa ufagio wenye sponji kama anavyoshika jembe, akauchovya kwenye ndoo.

Sponji likadonoa. Likaingia, likashuka, likarusha ndoano. Mimi nilikuwa nimeshika mikono yangu nyuma ili isije ikamsaidia. Mapigo yake yalikuwa mazito na maji yalimwagika, ila foleni ilikuwa sawasawa. Alipomaliza la mwisho alisogea pembeni, akaegemea mpini.

"Mwiteni huyo binti, maji yanakauka," akasema.

Neema alitoka jikoni akijipangusa macho kwa sababu ya moshi. Akasogea, akaizunguka ile herufi, akainamisha kichwa upande mmoja. Alikuwa msomi kweli, hakukurupuka. Alisubiri mpaka alipoona pigo la mwisho lilikoishia.

"Yong," akasema. "Nani ameandika?"

"Maana yake?" akauliza Ta Rwegasira.

"Milele."

Wakamleta Mkuu wa Saiti, wakamkalisha mbali ili asione sakafu. Ta Rwegasira akamuuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, bila mkalimani: "Uliandika nini juu ya kaka yangu?"

"Yong," akasema. Akatafuta Kiswahili chake. "Siku zote. Siku zote, haiishi."

Ta Rwegasira akaegemea kiti. Nikasikia mzee mmoja nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini kwamba neno hilo tunalisali kila tunapozika.

Nisiwadanganye wanaosoma, hapakuwa na muujiza. Mkuu wa Saiti aliulizwa kwa nini neno hilo na si jingine, akajibu kweli: herufi ile ina aina zote za mapigo ndani yake, kwa hiyo kwao mtoto huanza nayo na mzee humaliza nayo. Hakumwombea marehemu, wala hakumloga. Alikuwa anafanya mazoezi. Wapo walioondoka siku ile bila kuridhika, na sikuwalaumu. Mnyauko ulikuwa bado uko migombani. Lakini Ma Kokubanza alisikiliza maelezo yote hayo, akasema, "Basi mazoezi yake yamemfikia mtu anayeyahitaji."

Ta Rwegasira akatoa uamuzi. Mkuu wa Saiti alifagie kaburi kwa mkono wake, mbele ya ukoo. Na tangu siku hiyo, maandishi yoyote ya Kichina yatakayosimamishwa Kanazi yaandikwe na Kaijage, naye awaambie watu yanasema nini kabla rangi haijakauka. Mkuu wa Saiti akavua kofia tena, akapewa ufagio wa njiti, akafagia mpaka kwenye mashina ya migomba, mpaka Ta Rwegasira akamwambia, "Inatosha, bwana, sasa unafagia shamba." Watu wakacheka kwa mara ya kwanza. Alikaribishwa rubisi kwenye kibuyu, akakunja uso kwa funda la kwanza, la pili halikumsumbua. Kesho yake vibarua walirudi.

Ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa Kichina wa Kanazi kwa amri ya ukoo. Nilisimamisha kibao cha machimbo ya mawe, cha mzani, cha kalvati kubwa bondeni, na kila kimoja nilikisoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwepo. Walizoea mpaka wakawa wananisahihisha. "Ta Kaijage, hilo ni neno la hatari, mbona leo halina lile paa lake?" Nami nikitazama nakuta paa lipo, ila brashi imepita nyembamba, naongeza rangi.

Kambi ilipohamia Muleba nilihama nayo. Kule Injinia wa Usalama, mtu mpole aliyependa kupima kila kitu kwa futi, alitaka kuleta stensili, yaani karatasi ngumu zilizokatwa herufi ambazo unapulizia rangi tu. Mkuu wa Saiti akamjibu, "Stensili haisomei watu." Nadhani Injinia naye alikuwa na hoja, kwa maana stensili ni sawa kila mara na mimi mkono wangu ulikwisha anza kutetemeka asubuhi za baridi. Tulikubaliana: namba za mitambo kwa stensili, vibao vya vijijini kwa mkono. Barabara ilipokabidhiwa, Mkuu wa Saiti alirudi kwao. Tuliagana kwenye uwanja wa kambi Muleba bila maneno mengi. Alinishika kiganja, akaandika kwa kidole herufi mbili, nami nikazisoma bila msaada: Lao Kai. Neema aliajiriwa kwingine, na nasikia ana cheo kikubwa sasa, anachostahili.

Nimestaafu, niko Nshambya na migomba yangu na brashi chache. Vibao vyangu vingi vimeng'olewa kazi ilipokwisha. Vingine vimekuwa mapaa ya mabanda ya kuku, nimeviona. Haviniumizi. Kibao cha barabara kazi yake ni kumwambia mtu asife leo, na waliovisoma hawakufa. Sijui kama nilikuwa fundi mkubwa. Najua kwamba niliandika lugha isiyo yangu, kwa watu wasioijua, na hawakuniogopa.

Misa ya kumbukumbu ya mume wa Ma Kokubanza ilipopangwa hatimaye, baada ya kuahirishwa mara kadhaa, Ta Rwegasira aliniita nikaandike kaburi. Nilikwenda Kanazi na rangi nyeusi. Nikapiga uzi, nikaandika jina lake, na siku yake ya kuzaliwa na ya kufa. Ma Kokubanza, ambaye sasa anatembea na mkongojo, alikuwa ameketi pembeni ananitazama.

"Chini ya hapo acha nafasi," akasema.

"Nimeacha, mama. Nilijua utaitaka. Nitaiandika vizuri, na kivuli chake."

"Sikusema wewe. Lete brashi."

Nilimpa. Nikamshikia kopo la rangi na kiwiko, akapiga magoti juu ya gunia. Akadonoa, akaingia, akashuka, akarusha ndoano. Kushoto. Kulia. Pigo la mwisho lilimponyoka likavuka uzi wangu na kugusa ukingo wa bamba. Kwa miaka yote ya ufundi wangu sikuwahi kuacha pigo nje ya uzi. Nikatoa kitambaa chenye tina ya kufutia rangi niufute mkia ule.

"Acha, Ta Kaijage," akasema, akinirudishia brashi. "Duniani nasoma neno moja tu. Hilo usinisomee wewe."

Nikakunja kitambaa, nikaketi naye pale chini tukingojea likauke.